Siku moja maishani mwangu: dereva wa familia kwenye mahafali ya mdogo wetu

Mimi ni dereva wa abiria. Mwanamke, ndiyo, maana najua swali linalofuata. Hii ndiyo kazi inayonilisha na naipenda, ila kuna kitu kinaniudhi, watu wengi wanaamini kuendesha gari ni kukaa. Umekaa tu, umeshika usukani, barabara inakuja yenyewe. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anahitimu chuo juzijuzi, shahada ya kwanza, na kikao cha familia kilibishana nusu siku kuhusu nguo na nani anabeba maua, lakini usafiri haukuchukua hata dakika moja. "Si dada yupo." Haya, dada alikuwepo, na siku yenyewe ilienda hivi.

Saa 9 usiku

Nimeamka. Jana yake nililala saa 2 usiku, watoto walinicheka na shangazi akauliza kama naumwa. Siumwi, ila najua kitu kimoja ambacho kimepimwa na watafiti, mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anaendesha kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi hapo ndipo sheria inapokukamata. Kwa hiyo safari ya alfajiri unaanza kuiendesha jana yake, kitandani.

Nikatoka nje na tochi. Upepo wa tairi unapimwa tairi likiwa la baridi, ukishatembea linapata moto na geji inasoma juu, unaweza kudhani uko sawa kumbe uko chini. Na leo gari inajaa, kwa hiyo nikasoma kile kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kina vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari yenye mzigo, nikaongeza za nyuma. Oili sawa, maji sawa, wipa sawa. Nikamwamsha mpwa wangu wa miaka 11 asimame nyuma aangalie taa za breki.

"Zinawaka?"
"Zinawaka."
"Zote?"
"Moja."

Nikabadilisha balbu simu ikiwa mdomoni, tochi imewaka, udenda unanitiririka kidevuni. Hakuna aliyeona, wote walikuwa wamelala. Wangeamka wangekuta gari ipo tayari tu, kama vile inakuwaga tayari yenyewe.

Saa 10 alfajiri, kwa maneno

Tulikubaliana saa 10 kamili magurudumu yanazunguka. Saa 10 shangazi alikuwa anapiga pasi. Baba alikuwa ndani ya gari tangu saa 10 kasoro, amefunga mkanda, hasemi kitu, huyo ndiye abiria ninayemtaka. Mama anatafuta miwani. Tulitoka saa 11 kasoro robo.

Sasa mjomba. Nilishapanga viti kichwani, mbele nilitaka akae mpwa wangu kwa sababu anatapika safarini na mimi najua kwa nini. Ukiwa ndani ya gari sikio la ndani linauambia ubongo tunatembea, lakini macho yakiwa kwenye kiti cha mbele yako au kwenye simu yanauambia tumetulia, ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linalolipa. Ukikaa mbele ukatazama barabara mbali, macho na sikio vinakubaliana. Si dawa ya asilimia mia ila inasaidia sana. Nikamweleza mjomba vizuri, kwa heshima, shikamoo na kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mtoto akae mbele, mimi nikae nyuma, mimi ndiye mdogo?" Akaingia mbele. Akawasha ramani kwenye simu. Mjomba hana leseni na hajawahi kuwa nayo.

Saa 11 mpaka saa 1 asubuhi

Hakuna la kusimulia. Giza, lami, jua likachomoza usoni, watu wamelala midomo wazi.

Saa 1 na kitu

Mlima, na mbele yetu lori refu lenye tela linapanda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, moshi mweusi. Hapo mjomba akaamka.

"Pita."

Nikanyamaza.

"Pita, hamna kitu mbele. Pita! Sasa hivi! Aah umeikosa. Haya pita sasa. Mama yangu, hii gari haina nguvu au dereva ndiye hana?"

Ngoja niwape hesabu ninayoifanya kichwani mjomba akiongea. Lori lina mita 18 hivi. Mimi nikifika kilomita 80 kwa saa namzidi kwa 40, yaani kama mita 11 kila sekunde. Kulipita lote, pamoja na nafasi ya kutokea nyuma yake na nafasi ya kurudi mbele yake bila kumbana, nahitaji sekunde 5 na nusu hivi. Ndani ya hizo sekunde mimi natembea mita 120 na ushee, na anayekuja upande wa pili kwa 80 naye anatembea mita 120 na ushee. Jumla ni robo kilomita ya barabara tupu ninayoiona kwa macho yangu, siyo ninayoihisi. Na hapo nimehesabu kama vile tayari niko kwenye 80, wakati gari imejaa watu, begi na maua na tunapanda mlima, kuichukua kutoka 40 mpaka 80 ni hadithi nyingine. Mjomba alikuwa anaona mita 100 tupu anaita nafasi. Mimi nilikuwa naona kona.

Tulikaa nyuma ya lile lori dakika 20 hivi. Kila dakika mjomba alinisomea muda wa kufika kutoka kwenye ramani, umeongezeka, umeongezeka tena, na kila gari dogo lililotupita kwenye kona alilipigia makofi. Shingo yangu ilikuwa imekaza mpaka sikio linavuma. Barabara ilipofunguka kule juu nilipita kwa sekunde chache, kimya, na mjomba akasema, "Umeona sasa?" Nimeona nini, mjomba?

Saa 2 na robo

Mpwa wangu, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa anacheza gemu kwenye simu ya mama yake, akasema "mama" kwa ile sauti. Madereva wote wa abiria wanaijua ile sauti. Niliwasha indiketa kabla hajamaliza neno. Mfuko ulikuwepo, niliuweka mwenyewe kwenye kila mfuko wa kiti, na bado kidogo kilienda sakafuni kwenye kapeti. Maji, karatasi, mtoto akae kivulini apate hewa. Mjomba alisimama pembeni ya gari na saa yake akihesabu kwa sauti, dakika 7, dakika 12, dakika 15. Mimi kwangu ile ilikuwa pumziko halali, masaa mawili ukishaendesha inabidi ushuke hata robo saa, na Ulaya dereva wa basi au lori analazimishwa kisheria dakika 45 baada ya masaa 4 na nusu, kuna mashine ndani ya gari inayorekodi. Nilimwambia hilo mjomba. Akasema sisi hatuko Ulaya.

(Tangu hapo mpaka chuoni tulisimama tena kwa ajili ya mjomba mwenyewe kujisaidia. Zaidi ya mara moja. Hakuna aliyehesabu dakika.)

Saa 4 kasoro 20, getini

Foleni ya magari mpaka barabara kuu, kila gari limefungwa riboni. Sherehe ni saa 4. Kadi za kuingia ukumbini ni 2 kwa kila mhitimu, vyuo vingi viko hivyo kwa sababu ukumbi hauwezi kubeba koo nzima, na hili mdogo wetu alilisema mapema, aliliandika kwenye grupu la familia. Lakini mjomba alikuwa amevaa suti ya watu wa ndani. Yaliyosemwa pale getini siyaandiki. Mama na baba waliingia, wengine wakaenda kwenye hema lenye skrini kubwa, na mimi nikaambiwa na mlinzi gari za abiria zinaegeshwa kule, na kule kulikuwa mbali kiasi kwamba nilipofika nikawa siusikii tena muziki wa bendi.

Nilirudi kwa miguu, jasho, nikakuta hotuba. Halafu hotuba nyingine. Wale wa shahada ya uzamivu waliitwa mmoja mmoja kwa jina, kila mtu na utafiti wake, ikachukua muda mrefu na mjomba akawa anauliza, "Wetu lini?" Nikajua hajui. Wetu haitwi, shahada ya kwanza kwenye vyuo vikubwa mara nyingi inatunukiwa kwa mkupuo.

Ikatangazwa, wahitimu wa kitivo fulani wasimame. Wakasimama mamia, majoho yaleyale, kofia zilezile, na kamera iko juu kabisa. Hemani kwetu kila mtu akanyoosha kidole. Shangazi akaonyesha kijana wa kushoto, "yule pale!" Mpwa wangu akaonyesha wa katikati. Mjomba akasimama juu ya kiti na kuonyesha mmoja aliyekuwa msichana. Mkuu wa chuo akasoma maneno ya kutunuku, wakavaa kofia, vigelegele, wakakaa. Haikufika dakika.

Mjomba akashuka kwenye kiti. "Ndiyo hivyo tu?"

Ndiyo hivyo tu, mjomba. Ndiyo maana sikupita lori kwenye kona.

Mimi nililia, kama mnataka kujua. Kidogo. Mdogo wangu alikuwa anasomea taa ya uani umeme wa ndani ukiwa umeisha, na sikujali ni yupi kati ya wale wote.

Mchana

Picha. Picha. Picha. Mhitimu ndani ya joho jeusi kwenye jua, anayeyuka, na eti haya mavazi yalitokana na wasomi wa Ulaya wa karne ya 12 na 13 waliokuwa wanasoma kwenye majengo ya baridi, basi wangetuachia baridi na yenyewe. Mdogo wangu alipotukuta alikumbatia wote, akafika kwangu akaniuliza, "Dada, leo umepumzika saa ngapi?" Siku nzima hakuna mwingine aliyeniuliza. Nikamwambia bado, akasema nenda, mimi nitawashikilia hawa kwenye picha.

Basi ndiyo maana simo kwenye picha nyingi. Nilikuwa kwenye gari, madirisha nusu wazi, kiti nimelaza. Dakika 10 kioo kikagongwa. Mjomba. "Tunachelewa, twende."

Nilikataa. Sijawahi kumkatalia mjomba kitu maishani, ila pale nilikataa. Nilimpigia hesabu, nimeamka saa 9 usiku, tukifika nyumbani saa 3 usiku ni masaa 18. Na sasa hivi ni saa 8 mchana, kati ya saa 8 na saa 10 mwili wa binadamu unashuka wenyewe hata kama hujala, ndiyo saa ambazo ajali za usingizi zinapanda, pamoja na zile za alfajiri. Kusinzia sekunde 3 tu kwenye kilomita 100 kwa saa ni mita 83 gari inaenda bila mtu. Nitalala dakika 20, halafu nitanawa uso, halafu tutaondoka. Akasema mimi nina maneno mengi kuliko mhitimu. Nikapandisha kioo.

Kurudi

Hapa saa sizikumbuki vizuri. Tulitoka kwenye saa 9 hivi. Mdogo wangu alisimama mlangoni na joho lake mkononi akasema kiti cha mbele leo ni cha mhitimu na mhitimu anampa mpwa wake, akamsindikiza mtoto mbele, yeye akakaa nyuma yangu ananipigia stori nisisinzie. Mjomba asingeweza kubishana na shahada mbele ya watu. Akaenda kiti cha nyuma kabisa, pale juu ya ekseli panaporuka kila shimo, akatoa simu na kuanza kuangalia video za sherehe, zote, kwa kuinamia.

Mtoto mbele alikuwa mzima kabisa, anahesabu malori.

Jua lilipozama, mgongo umeshakuwa ubao na taa za watu wasiopunguza mwanga zinaniingia machoni, nikasikia kutoka nyuma, "Dereva." Siyo dada, siyo mwanangu, dereva. Na ile sauti.

Niliwasha indiketa. Nikasimama pazuri, mbali na lami, nikawasha taa za dharura, nikampelekea mfuko na maji mwenyewe, na pole nilimpa, kichefuchefu hakina cheo. Nilitamani kuhesabu dakika kwa sauti lakini mimi ni mtu mzima. Mpwa wangu siyo mtu mzima. "Dakika 7, mjomba," akasema kutoka dirishani. "Dakika 12." Baba, ambaye tangu saa 10 alfajiri alikuwa hajasema zaidi ya maneno matano, akacheka mpaka akavua miwani.

Nyumbani tulifika saa 4 usiku. Kila mtu alishuka na begi lake, wakaacha riboni, chupa, viatu vya nani sijui na kapeti linalonuka. Kesho yake nilishaomba ruhusa kazini, baada ya siku kama ile sibebi watu.

Nilipokuwa natoa kapeti simu ikalia, grupu la familia. Shangazi ameandika shukrani ndefu, kwa Mungu, kwa mama na baba, kwa mhitimu wetu, na kwa mjomba kwa kutuongoza vizuri njiani, kwenda na kurudi. Nikaweka dole gumba, nikaenda kutafuta brashi.