Jinsi nilivyowatofautisha kunguni wa lesi wa mibuni na wa lantana

Majani ya mibuni yetu hapa Moshi yalipopauka na kujaa vitone vyeusi vya kinyesi upande wa chini, majirani walishauri tung'oe uzio wa lantana (kichaka cha maua), wakiamini kwamba kunguni wa lesi, wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanatoka humo. Niliwakusanya kutoka pande zote mbili, nikawakagua kwa lenzi inayokuza mara 10. Kwa kuwa wote wana mbawa zenye vijumba kama lesi, mbawa pekee hazitoshi. Jambo la msingi, tena la kuvutia mno, ni kingo za pingili ya kwanza ya kifua. Yule wa lantana, *Teleonemia scrupulosa*, ni mwembamba, wa kahawia, na kingo zake ni finyu, ilhali wa mibuni, wa jenasi ya *Habrochila*, ni mpana na kingo zake zimetanuka zikawa wavu. Kwa kuwa wa mibuni si wale wa lantana, uzio tuliuacha, tukashughulikia mibuni.