Kumbukumbu ya mradi: kuku wa kishingo na urithi unaosomeka shingoni

Mradi huu ninauendesha nyuma ya nyumba yangu, wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma. Lengo langu ni kupata kundi la kuku wa kienyeji ambalo kila kifaranga kitakachozaliwa humo kitakuwa na kishingo, kwa sababu kuku asiye na manyoya shingoni hupoza mwili wake kwa urahisi zaidi, na joto letu la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, huwaelemea sana kuku wenye manyoya mengi.

Kinasaba cha kishingo kiko kwenye kromosomu ya 3, na kila kuku ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyerithi kishingo pande zote mbili huwa na shingo wazi karibu kabisa. Aliyerithi upande mmoja tu huwa na shingo wazi yenye kishada cha manyoya kwa mbele, na asiyerithi kokote ana manyoya kamili. Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyechapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866, hakuwa na nafuu hiyo: mche mrefu wenye nakala moja ya urefu ulifanana kabisa na wenye nakala mbili, ikambidi apande mbegu zao ndipo awatenganishe. Mimi ninatazama shingo tu.

Februari, mwaka wa kwanza. Nilimweka jogoo mwenye shingo wazi kabisa pamoja na matetea 4 wenye manyoya kamili. Kwa hesabu, kila kifaranga kilipaswa kuwa na kishada. Walitotolewa 11, na 3 kati yao walikuwa na manyoya shingo nzima. Nilivunjika moyo, nikaanza kumshuku jogoo, mpaka bibi jirani yangu, aliyefuga kuku maisha yake yote, alipowatazama akasema, "Mwanangu, usimwonee jogoo wako. Hao ni watoto wa yule uliyemchinja."

Alikuwa sahihi. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo katika vijifuko vidogo ndani ya mrija wa mayai, na mbegu hizo zinaweza kurutubisha mayai kwa wiki mbili na zaidi baada ya jogoo kuondoka. Mimi nilikuwa nimeanza kukusanya mayai siku ya tano.

Mei. Safari hii niliwatenga matetea kwa wiki 4 bila jogoo yeyote, mayai ya muda huo tukayala, kisha nikamrudisha jogoo yuleyule. Baada ya siku 21 za kuatamia walitoka vifaranga 14. Nilimshika wa kwanza angali na unyevu wa yai: ngozi ya shingo ilikuwa nyekundu na nyembamba, na mbele, juu kidogo ya kifua, palikuwa na kishada cha malaika ya manjano kisichozidi upana wa ukucha wa kidole changu kidogo. Wote 14 walikuwa nacho. Kama jogoo angekuwa na nakala moja tu, kila kifaranga kingekuwa na nusu ya nafasi ya kukosa kishingo, na uwezekano wa wote 14 kukipata ungekuwa 1 kati ya 16,384. Sina shaka naye tena.

Februari, mwaka wa pili. Matetea wa Mei walipokomaa niliwapandisha kwa jogoo mwenye kishada kutoka kundi jingine. Mayai 31 yaliatamiwa, yakatoka vifaranga 23: shingo wazi 8, wenye kishada 9, wenye manyoya kamili 6. Uwiano wa moja kwa mbili kwa moja ungetupa takriban 6, 11 na 6. Tofauti hiyo hainisumbui, kwa kuwa kila yai hupata nakala zake kwa bahati, na yai la leo halina habari ya yai la jana. Kundi dogo huyumba hivyo.

Wale 6 nimewauza. Wapo walionishauri niwatunze kwa kuwa "damu huruka kizazi", na kweli zipo sifa fifi zinazojificha kwa mzazi na kuibuka kwa mjukuu, kama weupe wa manyoya wa aina fulani. Kishingo hakijifichi. Kuku mwenye manyoya kamili hana nakala yake hata moja, hivyo hawezi kumrithisha mtoto asichokuwa nacho.

Kati ya wale 8, matetea ni 5 na majogoo 3. Kuwapandisha ndugu kwa ndugu kungeweza kukutanisha nakala mbili za vinasaba vibaya vilivyojificha, kwa hiyo nimebadilishana majogoo wangu wawili na mfugaji wa Kongwa, naye amenipa mmoja mwenye shingo wazi kabisa. Amefika Jumamosi na nimemfunga uzi wa bluu mguuni. Matetea wamo katika banda la peke yao, na leo ni siku ya 3 kati ya 28.