Siku mshkaji alipouliza hadithi iko wapi

Hii ilikuwa New York, miaka ya nyuma kidogo, baridi la kukata masikio. Mshkaji wangu wa Temeke alikuja kunitembelea nikamwambia leo twende sinema, aina ya sinema sikumtajia maana asingetoka ndani. Tukaenda Anthology Film Archives, ile nyumba ya matofali mekundu kona ya Second Avenue, zamani ilikuwa mahakama. Mtengeneza filamu Jonas Mekas na wenzake waliianzisha 1970 kwa ajili ya filamu ambazo kumbi za kawaida hazizitaki, hapo mahakamani wakahamia 1988.

Sasa uelewe sisi tumekulia vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha video. Kwetu sinema ina mtu anaitafsiri juu kwa juu, mtafsiri kama Lufufu anakwambia jambazi anawaza nini kabla jambazi mwenyewe hajawaza, na banda zima linapiga kelele. Hapa taa zikazimwa, kimya, filamu haina sauti kabisa, unasikia projekta tu huko nyuma inakereketa. Kwenye skrini madoa, nyufa, rangi zinapasuka zinapotea. Basi.

"Oya, mashine imekufa?"

"Tulia bana."

Watu wawili wakanyanyuka wakasepa. Mimi mwanzo nilinogewa, katikati nikachoka vibaya mno, halafu sijui ikawaje nikanogewa tena, na naamini hizi filamu bila kuvuka kile kipande cha kuchoka hujaziona.

Ilipoisha mwenye filamu akaja mbele, mama wa makamo, hata maiki hakutaka. Akasema mkanda wenyewe aliufukia bustanini kwake, udongo na unyevu vikaula, akaufukua akausafisha ndo hicho tulichoona. Akatupitishia kipande mkono kwa mkono, mkanda wa milimita 16, kila fremu ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, na zinapita 24 kwa sekunde, ukikiinua kwenye taa unaona kabisa pale udongo ulipong'ata. Akamtaja Stan Brakhage, aliyebandika mabawa ya nondo na majani kwenye mkanda mwaka 1963 akatengeneza Mothlight bila kushika kamera, akasema alipoiona hiyo akiwa mwanafunzi ndo alijua njia yake. Kwakweli ile kushika mkanda ilinifungua zaidi ya maelezo yote.

Yakaja maswali. Wale wasomi wa mbele hawaulizi, wanahutubia, mtu anaongea weee mpaka unasahau alianzia wapi. Mara namwona mshkaji kanyoosha mkono, nikamvuta shati, wapi.

"Samahani mama, hadithi iko wapi?" Kwa kizungu chake kile kile.

Watu wakacheka. Mama hakucheka, akamuuliza wewe umeona nini. Jamaa akakuna kichwa, akasema ameona usiku baharini, karabai za wavuvi wa dagaa ukiwa mbali ufukweni, zinawaka zinapotea kwenye mawimbi.

Yule mama akasogea. Karabai ni kitu gani? Kwa nini taa? Dagaa wanafuata mwanga? Na usiku wa mbalamwezi je? Jamaa kasimama sasa, anaeleza kwamba mwezi ukiwa mkubwa hawaendi maana taa haishindani na mwezi, mikono inaonyesha wavu unavyovutwa, wasomi wamegeuza shingo wanamsikiliza yeye, na kijana wa ukumbi anaangalia saa anataka kufunga.

Nje ananiambia, "Ile sinema mbovu, ila mama yuko vizuri."