Maji yenye sabuni yalivyomaliza ubishi wa maganda

Kuna kauli moja ya wajaza risasi, yaani sisi tunaojaza upya maganda ya shaba yaliyokwisha kufyatuliwa, inayonichefua: "Ganda ni ganda, mradi linaingia chemba." Niliipata kwa mzee mmoja wa shabaha, na aliitoa kama fatwa. Bunduki yangu inatumia risasi za saizi ya .308 Winchester. Baruti ni ileile kwa kipimo kilekile, praima (kiwashio kidogo cha kitakoni) ileile, kichwa cha risasi kilekile. Kwenye maganda ya chapa ya Winchester komeo la bunduki linanyanyuka bila taabu. Nikihamia ya Lake City, yale ya kijeshi yenye herufi LC na msalaba ndani ya duara, komeo linakuwa zito na kipima mwendo wa risasi kinasoma juu zaidi. Kasi ya ziada haiji bure, nyuma yake kuna presha.

Mzee akabadili wimbo: "Basi pima uzito." Hapo alikaribia kweli. Ganda likishafyatuliwa, umbo lake la nje linafuata chemba, kwa hiyo lenye shaba nyingi kwa kawaida huwa na nafasi ndogo ndani. Baruti ikibanwa huwaka haraka zaidi, ikiwaka haraka presha inapanda, na presha ikipanda inazidi kuwaka haraka. Lakini shaba nyingine imekaa kwenye ukingo wa kitako na mfereji wake, na hiyo haili nafasi ya baruti hata chembe. Mizani haijui shaba iko wapi.

Mwingine akaniambia nipime nafasi ya ndani kwa kujaza chumvi laini. Jamani, chumvi! Unajaza, unapima, unaandika. Unaligonga ganda kidogo, chumvi inashuka, unaongeza, unapima tena, jibu jingine. Ganda lilelile! Nilipochoka nikairudisha jikoni.

Kilichonifaa ni maji, ila nayo yana hila zao. Praima iliyokwisha kulipuka usiitoe, ndiyo kizibo chako. Ganda lisirudishwe kwanza kwenye dai, kile kibano cha kulirudishia umbo, na yote yawe ya bunduki moja na yamekatwa urefu mmoja. Pima likiwa kavu, kisha jaza maji kwa sindano ya plastiki. Hapo ndipo wengi hukata tamaa: maji yanavimba mdomoni kama kitumbua, na kiputo kinajificha begani. Dawa ni tone la sabuni ya vyombo ndani ya maji. Uvimbe unalala, kiputo kinatoka ukiligonga kwa ukucha, na kilichozidi unakinyonya kwa ncha ya karatasi ya shashi mpaka maji yawe sawa na mdomo. Futa nje, pima; tofauti ya vipimo viwili ndiyo nafasi ya ndani. Gharama yake ni kama hakuna; mizani ya greini (greini 15 hivi ni gramu moja) mjazaji yeyote anayo.

Majibu yangu: Winchester karibu greini 158 za shaba, Lake City karibu 180, na ndani Lake City inapokea maji pungufu kwa greini mbili na nusu hivi. Hesabu inakubali, kwa sababu shaba ni nzito kuliko maji mara nane na nusu. Chapa hiyohiyo ya toleo jingine inaweza kusoma tofauti, kwa hiyo usiazime namba zangu.

Kikomo cha presha cha SAAMI, chombo cha Marekani cha viwango vya risasi, kwa .308 ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na ukishajaza karibu na juu, greini mbili za nafasi si mchezo. Wanaosubiri praima ibapike, yaani ilale bapa kwa presha, ndipo waamini wananishangaza. Praima laini hubapika mapema na ngumu hukaa kimya. Mimi naamini zaidi kipima mwendo, komeo zito, na alama inayong'aa kitakoni pale shaba ilipojibana kwenye tundu la kitoa ganda.

Sasa kila chapa ina kopo lake. Nikibadili chapa narudi kwenye kipimo cha chini cha baruti katika kitabu cha ujazaji na kupanda polepole, hata kama kichwa na baruti havijabadilika. Mzee bado anachanganya yake kwenye ndoo moja. Akija kuniazima maganda nampa, ila ya chapa moja tu, na kopo nimeandika kwa kalamu nene.