Gia ya tatu, kwa mara ya tatu

Gia ya tatu imekufa tena. Mara ya tatu msimu huu, kwenye pikipiki yangu ya vumbini, ile ya mipigo miwili. Dalili ni zilezile: navuta resi mlimani, gia inaruka yenyewe, injini inalia bila mzigo, kisha kishindo.

Mara mbili za kwanza nilibadilisha gia iliyoharibika, nikafunga, nikaondoka. Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye giaboksi hii meno ya mzunguko hushikana muda wote. Kinachofunga gia ni yale meno manene ya ubavuni, na ndiyo yaliyokuwa yamelika kona. Meno hayo hayaliki hivi hivi. Hulika yanaposhikana nusu.

Safari hii nikafungua injini yote (hakuna njia ya mkato, lazima utenganishe maganda mawili) na kukagua uma, kile chuma chenye ncha mbili kinachosukuma gia pembeni hadi meno hayo yashikane. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Nilipoulaza juu ya kioo, ukacheza. Umepinda kidogo mno, na ncha moja ina rangi ya bluu ya kuungua kwa msuguano. Yaani kila gia mpya nilikuwa naikabidhi kwa uma uleule mbovu!

Nimeagiza uma, fimbo yake, na gia zote mbili zinazofungana. Oili ya giaboksi ni mbali na ile ya kuchanganya na petroli, kwa hiyo nitaimwaga baada ya safari ya kwanza nitazame chenga za chuma. Zile gia mbili za mwanzo bado zinaniuma.