Kumbe tulikuwa tunamsubiri marehemu

Naandika hii hasira zikiwa bado hazijaisha, kwa ajili ya yule fundi aliyesema tovuti zinachelewa kufunguka kwa sababu ya kompyuta zetu, "mikokoteni yenu". Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar ina kompyuta tisa, na kwa wiki tatu zote zilikuwa hivi: unaandika anwani, kiduara kinazunguka, unapiga funda la chai, bado kinazunguka, halafu ukurasa unatokea wote kwa mkupuo. Kila aliyepita alikuja na dawa yake. Tukaongeza kasi ya intaneti, laki na ushee kwa mwezi, tukabaki palepale. Tukaweka brauza nyingine, Firefox, nayo ikazunguka kama Chrome.

Mimi ni mtu wa nyaraka. Ila ndiye ninayeijua printa inapogoma, basi mzigo ukaniangukia.

Nilianza kwa kuharibu. Nilisikia dawa ni kufuta kashe, yaani nakala za kurasa ambazo brauza imejiwekea, nikaenda kwenye mashine ya dada mhasibu, aliyekuwa analalamika kuliko wote. Nikachagua "muda wote", nikatia tiki kila kisanduku. Kila kimoja, na cha pasiwedi kikiwemo. Aliporudi kula, mfumo wa kodi ukamdai pasiwedi ambayo hajawahi kuikariri, na ilikuwa tarehe 19, ritani ya VAT mwisho tarehe 20. Akaniangalia, akasema polepole, "Kaka, umenisaidia kweli." Siku mbili hakuitikia salamu yangu. Kwa hiyo ukifuta, futa picha na mafaili ya kashe tu. Na brauza yenyewe? Ikabaki nzito vilevile.

Simu ndiyo iliyonizindua. Ikiwa kwenye Wi-Fi ileile, ilifungua tovuti zilezile chapchap. Sasa kama intaneti mbovu, simu inakula wapi? Nikarudi kwenye kompyuta, safari hii nikakodolea macho kona ya chini kushoto ya Chrome. Kuna kijiandishi pale kinachokueleza inafanya nini, na chetu kilikuwa kimeganda kwenye kutafuta jina la tovuti. Yaani ilikuwa haijaanza hata kupakua!

Nikafungua lile dirisha jeusi la amri. Ping ni amri ya kubisha hodi kwa mashine nyingine: nikapiga 8.8.8.8, namba ya seva ya Google, majibu papo hapo. Ping kwa jina la tovuti, kimya kwanza, ndipo yakaja. (Tumia tovuti ambayo hujaigusa siku hiyo, maana jina ikishalipata inalikumbuka kwa muda, utadanganyika.) Nikaandika ipconfig /all, ikanionyesha DNS, yaani mashine inayoulizwa namba ya kila jina la tovuti: ya kwanza, 192.168.1.10. Nani huyo? Nikazunguka meza zote, hakuna mwenye hiyo namba.

Yuko stoo. Ile seva ya zamani, chini ya katoni za karatasi, birika limekaa juu yake. Fundi yuleyule ndiye aliyesema haina kazi, inakula umeme bure, tuizime. Na aliyeibeba hadi stoo ni mimi. Kumbe kompyuta zote zilikuwa zimewekewa anwani za DNS kwa mkono, zinamuuliza marehemu kwanza, zinangoja, ndipo zinamwendea wa pili. Na ukurasa mmoja una majina mengi ya kuulizia, ya picha, ya matangazo, sijui ya nini. Simu ilikuwa inapewa anwani ya DNS na ruta, haimjui marehemu.

Nikaweka DNS ya kujipatia yenyewe, nikapiga ipconfig /flushdns kufuta majibu ya zamani, meza kwa meza, saa nzima haikuisha. Kama kompyuta zenu zinaingia kwa akaunti za seva iliyo hai, usiige hili bila kumuuliza aliyeifunga.

Nane zikapona. Ya mhasibu ikabaki inakokota. Nikabonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome, ikatokea orodha ya vinavyokula memori, nikakuta kiongezi (programu ndogo ya kubandikwa kwenye brauza) cha kuponi za punguzo kinatafuna memori peke yake, na mashine ina GB 4. Nikamwomba ruhusa kwanza. Akakitoa mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama mbali, na daftari lake la pasiwedi akalitia kwenye droo akafunga.