Koseti ya kitenge: mwanya wa mbele umezibika, zipu imeachwa

Umezibika. Baski, yaani vyuma viwili vya kufungia mbele, kimoja chenye vitanzi na kingine chenye vifungo, imekaa, pande mbili za mbele zinakutana kuanzia kifuani hadi chini, na kamba za nyuma zikivutwa hakuna ngozi inayochungulia kiunoni.

Kazi yenyewe ni koseti ya gauni la send-off: kitenge juu, drili ya pamba katikati, bitana ndani, kamba nyuma. Kiuno kinabanwa sentimita 6 chini ya kipimo cha mwili. Hiyo 6 ndiyo inayoamua kifungio, si picha ambayo mteja amekuja nayo kwenye simu. Koseti isiyobana unaweza kuifunga hata kwa kulabu za sidiria. Ikianza kubana, mvuto wote wa nyuma unahamia kwenye mstari wa mbele, na hapo kulabu ndogo hunyooka moja baada ya nyingine.

Zipu ina watetezi wake. Ile laini ya gauni haifai kabisa, meno hufumuka kiunoni. Inayofaa ni ya chuma, namba 5 kwenda juu, inayoachana chini kama ya jaketi. Pale Mlango Mmoja, soko la mitumba la Mwanza, jaketi nzito la mtumba linaweza kukupa zipu imara kuliko mpya nyingi. Kagua pini ya chini kabla ya kulipa. Kila upande uweke boni bapa ya chuma (ule ubavu unaoikaza koseti) karibu na meno, vinginevyo utepe wa zipu unakunjamana na tumbo la koseti linafanya mawimbi. Ubaya wake ni mmoja: jino likitoka, mbele yote inafunguka mbele ya wageni. Baski yenye vitanzi vitano ikipoteza kimoja, vinne vinashika.

Kwa hiyo baski. Ya sentimita 28 kwa mshono wa mbele wa sentimita 31, ili ibaki sentimita moja na nusu juu na chini kwa ajili ya mkanda wa ukingo. Vitanzi viwili vilivyokaribiana vinakwenda chini. Urefu upimwe mvaaji akiwa ameketi. Akisimama mbele ya kioo kila baski inaonekana sawa, akikaa ile ndefu inamchoma mapajani.

Sasa huo mwanya. Ukishona baski kwa njia ya kawaida, chuma cha kila upande kikigusa ukingo wa kitambaa, ikiwa mezani inafunga vizuri. Ivae, vuta kamba, na pande zinaachana milimita tatu au nne. Sababu ni kwamba kitanzi ni kipana kuliko shingo ya kifungo. Mvuto ukija, kitanzi kinateleza mpaka mwisho wa nafasi hiyo, na kiunoni ambako mvuto ni mkubwa ndiko panapoachama zaidi. Kukaza kamba hakusaidii, kunazidisha.

Dawa iko upande wa vifungo, yaani kushoto kwa mvaaji. Usikisukume chuma hadi kwenye mkunjo wa kitambaa. Acha milimita 4 za kitambaa zitangulie mbele ya chuma. Baski ya upana wa milimita 12 ina kifungo katikati, milimita 6 kutoka ukingo wa chuma. Kwa hiyo tundu la kila kifungo linapigwa alama milimita 10 kutoka kwenye mkunjo. Paneli ya kushoto ikatwe na nyongeza ya hizo milimita 4, maana zinaingia chini ya upande wa kulia, na bila nyongeza kiuno kinapungua. Ukizidisha, mkunjo unakuwa mnene na kuvinyanyua vitanzi.

Alama za matundu usizipime kwa futi. Maliza kwanza upande wa vitanzi, ulaze juu ya upande wa pili, kisha weka nukta ya chaki ndani ya kila kitanzi. Tofauti ya milimita mbili tu inatosha kuifanya koseti ipande upande mmoja.

Tundu litobolewe, lisikatwe. Chukua chuma chenye ncha cha fundi viatu, sukuma nyuzi pembeni taratibu, kisha pitisha kichwa cha kifungo kwa kukizungusha. Mashine ya kutobolea matundu ya kamba iache kwa ajili ya nyuma: inakata nyuzi, na kitenge kilichokatwa kitachanika kikivutwa. Kipande cha gamu, kile kitambaa cha kugandisha kwa pasi, nyuma ya kila tundu kinasaidia.

Kushonea kando ya chuma ni kazi ya guu la zipu, sindano namba 16, na gurudumu la cherehani ya Butterfly lizungushwe kwa mkono. Wanaosifia mota hapa hawajawahi kuokota vipande vya sindano kwenye bitana.

Nyuma ya baski kuna ulimi wa upana wa sentimita 5, drili mbili na gamu kati, umeshonewa kushoto, na boni nyembamba ya plastiki kwenye ukingo ulio huru ili usijikunje.

Shanga zilizopangwa kufuata mstari wa mbele zimesimama kwanza, kwa sababu mikanda ya chuma inayofunga marundo ya mabati imeleta wazo lingine: kukata humo boni mbili za ziada, moja kila upande wa baski, kuizuia isipinde kuingia tumboni. Ncha zinapigwa tupa mpaka ziwe duara, chuma kinafutwa mafuta, kisha mipako miwili ya rangi ya kucha isiyo na rangi. Jasho na unyevu wa ziwani vikikutana na chuma kitupu, doa la kutu linatokea kwenye bitana kabla sherehe ya pili haijafika.

Kilichobaki ni kifungo cha chini kabisa. Ukingo wa kichwa chake una ukali unaokwaruza kitenge kila kitanzi kinapotoka. Tupa laini kwanza. Ikishindikana, rangi ya kucha hapo pia.